Wadogo Zetu Wako Darasani, Tusiwaache Peke Yao

Kila mwaka, majira ya joto yakielekea ukingoni, vijana wachache kutoka Tanzania, Kenya na Uganda hufika hapa Hamburg kujitolea kwa mwaka mmoja. Wengi hupangiwa chekechea na shule za msingi. Hukaa na watoto wakati wa chakula cha mchana, huwaangalia uwanjani na kuwasaidia kazi za shule hadi wazazi waje kuwachukua. Mpango wa kujitolea wa weltwärts ulianza mwaka 2008 kwa kuwapeleka vijana wa Kijerumani kwetu, na mwaka 2013 ukafunguliwa mlango wa vijana wetu kuja huku.

Tumewasikia baadhi yetu wakiwapa wageni hawa ushauri mbaya: zungumza nao Kiingereza tu, Wajerumani wote wanakijua. Mtoto wa miaka sita hakijui. Anajua Kijerumani cha mama yake, tena cha haraka, na akiwa na shida hatafuti maneno mepesi.

Kaka mmoja kutoka Moshi alijifunza hilo kwa uchungu. Mtoto wa darasa la kwanza alimjia akamwambia kwa sauti ndogo, “Mir ist schlecht.” Yeye alijua schlecht ni “mbaya”. Akadhani mtoto anajilaumu kwa kosa fulani, akampapasa kichwa na kumwambia kwamba yeye ni mtoto mzuri. Dakika chache baadaye mtoto akatapika mezani mbele ya wenzake na kulia kwa aibu. Kumbe alikuwa amesema anasikia kichefuchefu. Kaka yetu hakulala vizuri usiku ule. Lililomuumiza ni kwamba mtoto alimchagua yeye kati ya watu wazima wote waliokuwa ukumbini, na yeye hakumwelewa.

Mwingine aliambiwa awachukue watoto halb vier. Akadhani ni “half four” ya Kiingereza alichosoma nyumbani, akahesabu saa kumi na nusu, kumbe Mjerumani amemaanisha saa tisa na nusu. Watoto walisimama getini wamevaa makoti saa nzima.

Tusiwacheke. Tuliokaa hapa miaka ishirini tulipita humo humo, ila wengi wetu tulipita kiwandani au jikoni, ambako kosa la lugha lilituumiza wenyewe. Wao makosa yao yanamfikia mtoto.

Tena tuwe waadilifu. Mara ngapi tumelalamika juu ya vijana wa Ulaya wanaosimamishwa mbele ya darasa la msingi Tanzania, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili, ilhali wao wanajua “jambo” na “asante” tu? Tulisema hawaheshimu watoto wetu. Tulikuwa na haki. Kipimo hicho hicho kinatuhusu sisi.

Lakini kuna jambo ambalo kijana anayejikwaa katika lugha analiweza kuliko mwalimu mzoefu, nasi tumeliona. Katika shule moja ya hapa mjini kulikuwa na msichana aliyefika kutoka Afghanistan, ambaye kwa wiki nyingi hakufungua mdomo darasani. Dada yetu kutoka Iringa alikuwa akikaa karibu naye wakati wa kusoma. Wakashika kitabu kimoja cha picha, dada anasoma kwa kukwama, watoto wengine wanamsahihisha bila huruma: si der, ni das! Anarudia, anakosea, anarudia tena. Yule msichana akatazama siku kadhaa mtu mzima akisahihishwa asidhurike. Siku moja dada alipokosea, sauti iliyomsahihisha ilikuwa ya msichana yule, na hilo ndilo neno la kwanza la Kijerumani ambalo darasa lilimsikia akisema.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Haiwezekani kwa anayejificha nyuma ya Kiingereza, wala kwa anayenyamaza akiogopa kuaibika. Mgeni aliyelelewa kwa “shikamoo, mwalimu” na darasa zima kusimama huona vigumu kuitwa kwa jina lake la kwanza na kusahihishwa na mtoto wa miaka saba. Tunamwambia: vumilia, mdogo wetu, hakuna aliyekuvunjia heshima. Na ukitaka kuwafurahisha watoto, waambie kwamba bara kwetu shule tunaiita “shule”, neno tulilolichukua kwao zamani za Wajerumani, ingawa Zanzibar wao husema “skuli”. Hawataamini, wataenda kumuuliza mwalimu.

Sisi nasi tubadilike. Jumapili tukikutana tunawapa pilau na Kiswahili, na ni vizuri, maana upweke wa Novemba huku ni mzito. Lakini hawapati kwetu mtu wa kuwaeleza tofauti ya schlecht na böse, au mtoto akisema anaumwa Bauch anamaanisha nini. Watoto wetu waliozaliwa hapa wangeweza kuwafundisha hayo kwa alasiri moja, na wao wakapata Kiswahili ambacho tumeshindwa kuwapa nyumbani.

Vijana wa mwaka huu wameshaanza kazi. Tunaomba kila mmoja wao apate familia moja ya kumpokea kabla baridi haijaingia. Ukiwa na saa mbili za Jumamosi na mtoto anayeongea Kijerumani, mwambie katibu wa jumuiya wiki hii.