Barafu iondoke, mito ibaki hai
Januari 13, 1982, ndege ya Air Florida ilianguka katika mto Potomac, Washington, ikiwa na barafu mabawani. Watu 78 walikufa. Hatuwezi basi kuviomba viwanja vya ndege vya nchi za baridi viache kunyunyizia ndege dawa ya kuyeyusha barafu. Tunachodai ni dawa isiyoua samaki.

Glikoli, kiini cha dawa hizo, ikitiririka mtoni huliwa na bakteria, nao humaliza oksijeni majini. Tena glikoli huchanganywa na kemikali za kuzuia kutu. Baadhi yake, kama benzotriazoli, ni sumu kwa viumbe wa majini na haziozi upesi. Hapo ndipo utafiti uelekezwe kwanza.

Propanedioli, aina ya glikoli, inayotokana na sukari ya mahindi hupunguza utegemezi wa petroli, lakini nayo hula oksijeni. Tusitosheke na sifa ya kuwa ni ya mimea. Njia nyingine ni kuizuia glikoli isifike mtoni: kiwanja cha Munich hukusanya glikoli iliyotumika na kuisafisha itumike tena. Kanuni za Marekani za 2012 ziliweka sharti la kukusanya kwa viwanja vipya vikubwa vya maeneo ya baridi, zikaviacha vya zamani. Sharti hilo livifikie vyote.