Baba Ajiandae Akianzia Kliniki

Wapo vijana waliokosana na mama wa mtoto wao mimba ikiwa bado changa, nao hutuuliza wajiandaeje kumdai mtoto mahakamani. Sisi twasema: anzieni kliniki.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hapa Tanzania, hutazama kwanza manufaa ya mtoto. Aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa anafaa kukaa na mama yake, ingawa baba aweza kuleta ushahidi wa kupinga. Tena mtoto ahitaji maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Kumtoa kifuani ili kumkomoa mama ni ukatili. Hatuoni jina lingine.

Basi, kijana, msindikize mama kliniki akikubali. Asipokubali, toa nauli, chakula na vifaa vya kujifungulia, utunze risiti. Usimtishe, ana mzigo wa kutosha. Mkiri mtoto mbele ya wazee wa pande zote. Jina lako likiwa katika daftari la vizazi, sheria hiyo hulipokea kuwa ushahidi wa uzazi, kama ilivyo kwa kipimo cha vinasaba. Mtoto akizaliwa, omba kwanza nafasi ya kumtembelea, na umwone mapema afisa ustawi wa jamii, maana mahakama yaweza kumwagiza taarifa juu yako.