Kuitafuta Hati ya Marehemu Katika Kompyuta

Zamani wasia na orodha ya madeni vilikaa sandukuni. Leo vingi vimo katika kompyuta. Na kwa kuwa deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, warithi hawana budi kutafuta kwa makini.

Katika kompyuta za Linux na Mac, tukiwa ndani ya akaunti ya marehemu, tufungue dirisha la amri na kuandika:

find ~ -iname '*deni*'

Alama ya ~ ni folda kuu ya mwenye akaunti. Amri huingia katika kila folda iliyo chini yake. Sehemu ya -iname hupuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo, nazo nyota husimama badala ya herufi zozote. Hivyo faili liitwalo "Madeni ya duka" nalo litaonekana.

Jina la faili lisipojulikana, tutafute neno lililomo ndani:

grep -ril 'deni' ~

Hapa pana tahadhari. Amri ya grep husoma maandishi ya kawaida. Hati za Word za aina ya docx zimebanwa, hivyo neno lililomo halionekani. Ukimya wa grep si ushahidi kwamba deni halipo. Hati hizo tuziorodheshe kwa find ~ -iname '*.docx', kisha tuzifungue moja moja.

Wala tusiongeze -delete katika find, kwani hufuta bila kuuliza.

Na aliye hai awaambie jamaa zake leo hati zake ziko wapi.