Maumivu ya Mwezi si Uvivu

Nimeonelea vema kuandika machache juu ya jambo ambalo sijapata kulisoma katika gazeti letu hili la shule, ingawa lapita katika mabweni yetu kila mwezi. Jambo hilo ni maumivu makali yawashikayo baadhi ya wasichana wakati wa hedhi, na hasa ugonjwa uitwao endometriosisi. Najua wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kunong'onezana chumbani, wala si ya kuandikwa mahali ambapo baba zetu na kaka zetu watayasoma. Mimi naona kinyume. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Na jambo hili tumelificha mno, hata wenye kuumwa hawajui kwamba ni wagonjwa.

Kwanza yafaa tuuelewe ugonjwa wenyewe. Mji wa mimba una utando kwa ndani. Kila mwezi utando huo hunenepa kujitayarisha kwa mimba, na mimba isipotungwa hubomoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, nyama inayofanana na utando huo huota nje ya mji wa mimba: kwenye vifuko vya mayai, kwenye mirija ya uzazi, pengine kwenye utumbo au kibofu cha mkojo, na mara chache hata kwenye mapafu. Nyama hiyo hutii homoni zile zile za mwezi. Huvimba na kutoa damu, lakini damu ile haina njia ya kutokea. Basi mahali pale huwaka na kuuma, makovu hufanyika, na viungo vilivyopaswa kuteleza kimoja kando ya kingine hushikamana.

Chanzo chake hakijulikani chote. Mwaka 1927 daktari wa Marekani, John Sampson, aliandika kwamba baadhi ya damu ya hedhi hurudi nyuma kwa njia ya mirija na kupanda mbegu tumboni. Lakini imeonekana tangu hapo kwamba damu hurudi nyuma kwa wanawake walio wengi, na si wote waumwao. Kwa hiyo wataalamu huamini kuwa zipo sababu zaidi ya moja, urithi na kinga ya mwili zikiwa miongoni mwao. Lililo dhahiri ni hili: ugonjwa huu hauambukizi, hauletwi na mwenendo mbaya, wala si kazi ya mchawi.

Wala si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba humpata mmoja katika kila wanawake na wasichana 10 wa umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190 duniani. Hata tukikubali kwamba wengine huanza kuumwa wakiwa watu wazima, haielekei shule yenye mamia ya wasichana ikose hata mmoja. Shirika hilo hilo lasema kwamba aghalabu hupita miaka 4 hadi 12 kabla mgonjwa hajatambuliwa. Maana yake ni kwamba msichana aanzaye kuumwa akiwa Kidato cha Kwanza aweza kumaliza shule, na chuo pia, kabla hajaambiwa jina la maradhi yake.

Sisemi kwamba kila ashikwaye na tumbo ana endometriosisi. La hasha. Wasichana wengi huumwa kidogo siku ya kwanza au ya pili, wakameza kidonge au wakajikanda kwa maji ya moto, wakaendelea na kazi zao. Lakini ikiwa maumivu yamlaza mtu asiweze kwenda darasani. Ikiwa hutapika au kuzimia. Ikiwa damu ni nyingi kupita kiasi. Ikiwa huumia akienda haja kubwa au ndogo siku hizo. Ikiwa dawa za kawaida hazimsaidii, na kila mwaka hali yazidi kuwa mbaya, basi huyo si wa kuambiwa avumilie. Ni wa kupelekwa hospitali.

Hapa ndipo penye shida yetu. Msichana avunjapo ungo hufundwa na bibi au na somo yake, na neno la kwanza afundishwalo ni subira. Akilalamika huambiwa ni chango, hata mama yake alikuwa nalo, na litakwisha akiolewa na kuzaa. Siwakosei adabu wazee wetu, kwani walitufunza yale waliyoyajua, na wengi wao waliumwa pasipo msaada wo wote. Lakini madaktari husema kwamba mimba yaweza kutuliza maumivu kwa muda kwa baadhi ya wanawake, wala si dawa ya ugonjwa huu. Tena wako wenye endometriosisi ambao hupata taabu kushika mimba. Basi twawezaje kumwahidi mtoto wa miaka 15 kwamba atapona kwa kuzaa? Subira yavuta heri, lakini subira haiondoi makovu tumboni.

Nasema haya nikiwa mmojawapo wa wagonjwa. Nilianza kuumwa nikiwa Kidato cha Pili katika shule nyingine. Jina langu liliandikwa pamoja na watoro, nami nikafyeka nyasi huku nikitapika. Hospitali ya kwanza walinipiga picha ya ultrasaundi, ikaonekana safi, tukaambiwa turudi nyumbani kwani sina kitu. Mama hakuridhika. Baada ya mwaka mzima tulimpata daktari aliyekaa nami karibu saa nzima akiniuliza maswali: huanza lini, huuma wapi, hukosa siku ngapi za masomo. Alitueleza kwamba picha safi si ushahidi wa kutokuwa na ugonjwa, kwa kuwa vidonda vidogo havionekani kwa ultrasaundi. Akasema dalili zangu zote zaelekea kwenye endometriosisi, akaanza kunitibu. Sijapona, maana ugonjwa huu haujapata dawa ya kuung'oa kabisa. Lakini muhula uliopita nilikosa siku mbili tu za masomo, na zamani nilikuwa nikikosa tatu kila mwezi.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Siku 3 za masomo kila mwezi, kwa miezi 9, ni siku 27 kwa mwaka. Kwa miaka 4 ni siku 108, yaani zaidi ya wiki 21 za masomo. Ni mwanafunzi gani awezaye kupoteza wiki hizo na bado akashindana na wenzake katika mtihani wa Kidato cha Nne? Akifeli twasema hana akili. Hatusemi kwamba hakuwapo darasani.

Tunao mifano ya watu waliosimama hadharani wakayasema haya. Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, aliwaeleza watu wazi wazi miaka ya mateso yake na pasuo alizofanyiwa, akawahimiza wasichana wasikae kimya. Naye mwaka 2017 alijaliwa mtoto wa kiume. Nchini Kenya mtangazaji Njambi Koikai aliugua endometriosisi iliyofika hadi kwenye mapafu, akasafiri mpaka Marekani kutafuta matibabu, akafariki Juni 2024 akiwa mtu wa makamo tu. Si kawaida ugonjwa huu kuua, wala sitaki kumtisha mtu. Lakini mama huyo aliumwa tangu alipokuwa msichana wa shule kama sisi, ikapita miaka mingi kabla hajajua anaumwa nini.

Najua hoja watakayoitoa walimu wetu, nayo si ya kupuuzwa. Watasema, "Tukimruhusu kila asemaye tumbo, nani atabaki darasani siku ya jaribio la hesabu?" Ni kweli wajanja wapo. Lakini dawa ya wajanja si kuwaadhibu wagonjwa. Dawa yake ni daftari. Matroni na awe na daftari ambamo kila msichana aumwaye ataandikwa tarehe, siku alizolala, kama alitapika, na dawa aliyopewa. Mjanja huumwa siku ya jaribio na siku ya kulima shamba la shule. Mgonjwa huumwa kwa kalenda, hata siku ya mahafali na siku ya mpira. Miezi mitatu haitapita kabla daftari halijawatenga wawili hao. Na mgonjwa akienda hospitali na daftari hilo, daktari atajifunza humo mambo ambayo mtoto mwenye haya hawezi kuyasema kwa kinywa.

La pili ni juu ya dawa. Vidonge vya jamii ya ibuprofeni hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, maumivu yanapoanza, kuliko kungoja mpaka mtu amekwisha kujikunja sakafuni. Basi visifungiwe kabatini usiku kucha ilhali mwenye ufunguo amelala. Matroni na ampe kila aliyeandikiwa na daktari kwa kipimo chake.

La tatu ni zito zaidi, nami nawaomba wazazi walisome kwa utulivu. Matibabu ya endometriosisi mara nyingi huwa ni vidonge vya homoni, na vingine kati ya hivyo ndivyo vitumiwavyo kwa uzazi wa majira. Mama yangu alipovisoma kwenye pakiti mikono ilimtetemeka. Alihofu watu watasema nini, na mimi nilihofu siku ya ukaguzi wa masanduku bwenini. Msichana akikutwa navyo, nani atamsadiki? Wako waachao dawa kwa sababu hiyo tu, wakachagua kuumwa kuliko kusingiziwa. Kwa hiyo nashauri cheti cha daktari kiwekwe kwa matroni na kwa Mkuu wa Shule, na mwanafunzi mwenye cheti asiulizwe neno mbele ya wenzake. Vidonge hivyo kwake ni dawa, kama vile sindano ilivyo dawa kwa mwenye kisukari.

Kwenu kaka zetu nina neno moja. Mnapomcheka msichana aliyeinama juu ya dawati, kumbukeni kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kesho mtakuwa waume na baba wa mabinti, na wengine wenu mtakuwa madaktari na walimu wakuu. Mkijifunza leo kumsadiki aumwaye, binti zenu hawatangoja miaka 12.

Hayo ninayoyaomba hayahitaji fedha nyingi wala amri kutoka wizarani. Daftari moja, ufunguo wa kabati, cheti cha daktari na sikio la mtu mzima vyatosha kuanzia muhula ujao. Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na aandike, nami nitayasoma.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano