Paa Linavuja, Mchawi Yumo Ndani

Huku Minnesota baridi imeshika kasi, na simu ninazopokea siku hizi wala si za fumanizi. Ni za paa! Wenzetu kutoka nyumbani wamenunua nyumba zao za kwanza hapa Minneapolis na St. Paul, mke na mume wanaolipa mkopo pamoja. Ghafla wanaona doa la maji kwenye dari ya chumba cha kulala. Nje hakuna mvua, ni theluji tupu na nyuzi joto 10 chini ya sifuri. Maji yametoka wapi jamani?

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Baba anasema mama anawasha hita kama anaoka mikate. Mama anasema baba aliharakia kusaini kwa dalali. Mimi nawaambia wote wawili watulie, maana kikulacho ki nguoni mwako.

Ilivyo ni hivi. Joto la sebuleni linapenya kwenye vitundu na kupanda darini, ile nafasi iliyopo kati ya dari na paa. Linapasha paa kwa chini, theluji ya juu inayeyuka. Maji yanateremka taratibu chini ya theluji mpaka yafike upenuni. Upenu umetokeza nje ya ukuta, hauna joto la nyumba chini yake, kwa hiyo maji yanaganda palepale. Siku zinavyokwenda barafu inakuwa tuta. Maji yanayofuata hayana pa kupita, yanarudi nyuma, yanaingia chini ya vigae vya paa na kushukia kwenye ukuta na dari yako.

Kwetu tumezoea bati likitoboka unapanda juu, unaziba, biashara imekwisha. Huku vigae vinaweza kuwa vizima kabisa na bado nyumba ikavuja! Ndiyo maana kubadilisha vigae peke yake kunakula pesa bila kumaliza ugonjwa. Hata zile nyaya za umeme za kuyeyusha barafu ukingoni zinatuliza maumivu tu, na bili zinapandisha.

Mwezi huu mfanye nini? Theluji ikishaanguka, nunueni reki ya paa, ile yenye mpini mrefu, mkokote theluji mkiwa mmesimama chini. Mita moja hivi kutoka ukingoni inasaidia, zaidi ya hapo ni bora zaidi. Angalieni nyaya za umeme, na msisimame chini ya barafu inayoning'inia.

Dada zangu, hapa nawasihi. Mume akichukua ngazi na shoka, mzuie. Nawajua mke na mume waliofikishana hapo. Mwanaume anaona kukaa chini ni aibu mbele ya majirani, mke ameshika ngazi analia. Paa lina utelezi, shoka linapasua vigae, na hakuna dari yenye thamani ya uti wa mgongo wa mtu. Chumvi ya mawe nayo msimwage, inaozesha mabomba ya chuma na kuua bustani. Kama maji yameshaingia ndani, sogezeni kitanda, kingeni ndoo, pigeni picha kwa ajili ya bima, kisha mwiteni fundi anayeyeyusha barafu kwa mvuke. Ana bei, lakini haharibu paa.

Dawa yenyewe ni ya kiangazi, na ina mpangilio wake. Kwanza zibeni vitundu vya hewa: kuzunguka bomba la moshi, mabomba ya maji, taa zilizozamishwa kwenye dari, na mlango wa kupandia darini. Feni ya bafuni itoe hewa nje ya nyumba, isiwe inaimwaga darini. Pili ongezeni sufi ya kuzuia joto. Kwa baridi ya huku, sentimita 40 hivi si nyingi, ingawa inategemea aina yake. Tatu hakikisheni hewa ya nje inaingia upenuni na kutokea juu ya paa, ili darini pabaki baridi. Nyumba ikishazibwa, fundi apime kama moshi wa hita ya gesi bado unatoka vizuri. Moshi ule hauonekani wala haunuki, na unaua.

Kampuni nyingi za umeme na gesi hapa zina huduma ya kukagua nyumba kwa bei nafuu. Wanafunga feni kubwa mlangoni, wanaivuta hewa, mnaona wenyewe inapopenyea. Mkae wote wawili siku hiyo, msikie kwa pamoja, ili baadaye asiwepo wa kusema "mimi sikuambiwa".

Najua pesa za sufi haziposti picha. Rafiki akija hatapanda darini kusifia, atasifia kabati jipya la jikoni. Lakini mkiwa na bajeti ya kitu kimoja tu mwaka huu, kabati lisubiri. Wekeni hilo mezani leo usiku, bila kutajiana dalali wala hita. Tukutane mwezi ujao!