Mashini zetu hazijakufa: tuweke diski ya pili

Ndugu vijana wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Likasi na wa Lubumbashi,

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipate tena matengenezo ya bure ya usalama. Mashini inawaka kama jana, lakini kila tundu jipya ambalo wezi wa intaneti watavumbua litabakia wazi. Na ukitaka kupanda Windows 11, unaambiwa: apana, mashini yako ni ya zamani. Inaomba chipu ya usalama TPM 2.0. Inaomba prosesa mpya: kwa zile za Intel, karibu zote ni za kizazi cha 8 na kuendelea, yaani kuanzia 2017. Wengi wetu tuko na mashini za okazio za chini ya hapo.

Basi watu wameanza kusema: "Tupa, nunua ingine." Sisi tunasema: HATUTUPI.

Tuangalie vizuri ni nani anaambiwa atupe. Waya za ndani ya mashini ni shaba. Betri ya laptopu iko na kobalti. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka hapa Lualaba. Kilima kinaenda, shimo linabaki. Kiisha mashini inarudi kwetu ikiwa imetumika miaka mingi Ulaya, tunainunua kwa makuta ya jasho, halafu mtu aliye mbali anasema imekufa. Haijakufa! Chuma iko mzima. Ni programu njo imenyimwa matunzo.

Tarehe 16 Oktoba 2025, siku mbili tu baadaye, serikali yetu ilianza kupima kobalti inayotoka kwa kota. Ni vizuri inchi iseme neno juu ya udongo wake. Lakini inchi inayohesabu kila tani inayotoka, bila kujiuliza itafanya nini na vyombo vinavyorudi, imefanya nusu ya kazi.

Microsoft yenyewe iliongeza mwaka mmoja wa matengenezo, mpaka Oktoba 2026. Watu wa Ulaya walipewa bure, bila kulazimishwa kuweka kopi ya mipangilio yao kwake, kisha mashirika ya kutetea wanunuzi kupiga kelele. Sisi wengine? Ama dola 30, ama pointi zake, ama ukubali mipangilio ya mashini yako ihifadhiwe kwake. Hatusemi hivi juu ya kulia. Waliodai walipata: hilo ni somo, tulishike.

Na kwetu sisi hii si mchezo wa wapenda kompyuta. Mu 2023, Amnesty International ilitoa ripoti juu ya watu waliofukuzwa kwa nguvu hapa Kolwezi juu ya kupisha migodi. Ripoti kama hiyo inajengwa na ushuhuda. Mama anayekupa jina lake, namba yake ya simu na picha ya nyumba iliyobomolewa, amekuaminia maisha yake. Ukimuweka mu mashini isiyotunzwa, yenye Windows iliyofunguliwa na programu ya wizi ambayo hujui nani aliiandika, umemulaza mu nyumba bila mulango.

Njia iko, na haiombe mashini mpya. Inaomba diski ya pili.

1. Fanya kopi ya kila kitu cha maana kwanza. Kama diski imefungwa na BitLocker, andika ufunguo wake ku karatasi mbele ya kugusa kitu.

2. Zima mashini kabisa, toa umeme, toa diski ya zamani na uiweke pembeni. Hakuna mtu anaweza kufuta kitu kisichounganishwa.

3. Weka SSD mpya. Linux Mint inaomba memori ya GB 2 chini kabisa, lakini na GB 4 utafanya kazi vizuri. Diski ya GB 120 inatosha kuanza, ya GB 240 ni vizuri zaidi.

4. Anzisha mashini na fleshi yenye Mint, chagua Kifaransa, na ukubali kufunga diski yote kwa neno la siri. Usiruke hatua hii. Betri ikuwe imejaa, maana umeme unajua kukatika.

5. Rudisha diski ya zamani. Kama laptopu iko na nafasi moja tu, iweke mu kasha ya USB. Hati zako zitaonekana palepale.

Kwa nini diski ya pili, na si kufuta ya kwanza? Sababu hatubomoe nyumba ya zamani mbele ya mupya kuwa na bati. Mwanafunzi wa migodi atasema: "Na AutoCAD yangu?" Ni kweli, haikimbie ku Linux. Basi kwa kazi hiyo moja, anzisha diski ya zamani, intaneti ikiwa imezimwa. Ya ramani, QGIS inakimbia vizuri. Hati za Word zinafunguka mu LibreOffice. Meza kubwa zinaweza kusogea kidogo, kwa hiyo tuma PDF.

Wengine wanasema Linux ni ya masikini. Jandarmeri ya Ufaransa ilianza kuhamia Ubuntu mu 2008, na leo ina makumi ya maelfu ya mashini namna hiyo. Ni masikini? Na Ubuntu hiyo ilianzishwa mu 2004 na mtu wa Afrika Kusini. Jina lake Baluba wanalijua: bumuntu.

Tunajua forfait ni ghali, na faili ya Mint inakaribia GB 3. Basi mmoja apakue, kumi wakopie. Hapo hakuna wizi: leseni yenyewe inaruhusu.

Kwa hiyo TUNADAI:

Serikali ya jimbo isinunue mashini hata moja ya biro mbele ya kujaribu hii ku zile ziko nazo. Makuta ya raiya si ya kulipia kitu ambacho diski ndogo inaweza kuponya.

Biro za serikali na vyuo vikuu vipokee hati za muundo wazi na PDF, bila kumulazimisha mtu kuwa na programu ya kulipia.

Na sisi benyewe: kila mmoja anayehama, ahamishe mwingine. Lakini usimufanyie. Kaa pembeni, bisibisi ikuwe mu mikono yake, ili kesho naye afundishe mtaa wake, Manika ao Dilala.

Shaba ilitoka hapa bila kutuuliza. Mashini iliyorudi, sisi njo tutasema siku yake ya kufa.

Vijana raiya wa Lualaba