Roboti nyoka: Kwa nini kila gramu ina thamani kwenye kifusi

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 16, 2024, waokoaji walikabiliwa na swali lilelile la kila kifusi: nani bado yuko hai chini, na yuko sehemu gani? Mtu hawezi kupita kwenye tundu la ukubwa wa ngumi. Nyoka anapita. Ndiyo maana wahandisi wanamuiga.

Je, imewahi kutumika?

Ndiyo. Baada ya tetemeko la ardhi la Mexico, Septemba 2017, timu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani iliingiza roboti nyoka katika jengo lililoanguka. Ilikuwa na unene wa sentimita 5 hivi, urefu unaokaribia mita moja, na kamera na taa kichwani. Haikupata manusura, lakini iliwaonyesha waokoaji mahali ambapo macho yao hayafiki.

Ugumu uko wapi?

Uko kwenye uzito na umeme. Gari huendeshwa na injini moja. Roboti hii ilikuwa na viungo 16, kila kimoja na mota yake. Inapoinua kichwa ivuke tofali, mota iliyo nyuma hubeba viungo vyote vilivyo mbele. Kiungo kizito hudai mota kubwa, mota kubwa hudai betri kubwa, na betri hiyo huongeza uzito tena. Kinyume chake, ukipunguza gramu chache kwenye kila kiungo, nafuu inaenea mwili mzima.

Carnegie Mellon walikwepa mzigo wa betri kwa kuleta umeme kwa waya. Lakini waya huweza kunasa, na unaweka kikomo cha umbali.

Mwaka 1972, Shigeo Hirose wa Japani alijaribu njia nyingine. Roboti yake iliwekewa magurudumu madogo yasiyo na mota, yakifanya kazi kama magamba: yanateleza mbele, yanazuia kuserereka kando. Nguvu haikupotea bure. Hata hivyo, magurudumu hayo yanapenda sakafu tambarare, na kifusi si sakafu.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiona video ya roboti nyoka kwenye simu yako, usishangae tu inavyotambaa. Uliza: ina kilo ngapi, na umeme wake unadumu dakika ngapi? Aliyefukiwa anahitaji ifike alipo kabla chaji haijaisha. Ikishamwona, kumtoa bado ni kazi ya watu.